Kupima Nafasi ya Memori Kadi

Tuseme kikundi chenu cha kuweka na kukopa kimenunua memori kadi. Mnataka kuhifadhi picha za daftari la fedha, maana mchwa hawachagui. Kadi imeandikwa 32 GB. Katibu anaitia katika kompyuta. Kompyuta inaonyesha 29.8. Wanachama wanaguna. Mweka hazina, ambaye ndiye aliyekwenda mjini kuinunua, anatazamwa kwa jicho baya. Je, kikundi kimeibiwa? Chukua kalamu na daftari, tuhesabu.

Kipimo cha kuanzia huitwa baiti. Herufi moja hukaa katika baiti moja. Neno "shamba" lina herufi 6, basi ni baiti 6. Wewe unajua kwamba kilo ya sukari ni gramu 1,000. Hapa pia tunapanda kwa elfu:

Baiti 1,000 ni kilobaiti 1 (KB).
Kilobaiti 1,000 ni megabaiti 1 (MB).
Megabaiti 1,000 ni gigabaiti 1 (GB).

Ukitoka kipimo kikubwa kwenda kidogo, zidisha. Ukitoka kidogo kwenda kikubwa, gawanya. Hivyo GB 32 ni MB 32,000. Kama picha moja inachukua MB 4, kadi itaingiza picha 8,000.

Sasa tufike kwenye ugomvi. Kompyuta huhesabu kwa mbili: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1,024. Kwa kuwa 1,024 iko karibu na 1,000, mafundi wa kompyuta waliizoea wakaiita kilo pia. Mwenye duka akifanya hivyo kwenye mizani, tungemshitaki! Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme iliipa hesabu hiyo majina yake: kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti. Hata hivyo, kompyuta nyingi bado huandika GB.

Mtengenezaji wa kadi alihesabu kwa 1,000. Kompyuta ya katibu inahesabu kwa 1,024. Kadi ina baiti 32,000,000,000. Tugawanye mara tatu:

32,000,000,000 ÷ 1,024 = 31,250,000
31,250,000 ÷ 1,024 = 30,517 na kitu
30,517 ÷ 1,024 = 29.8

Baiti ni zile zile, hakuna hata moja iliyopotea. Mweka hazina hana kosa, na mwenye duka hana kosa.

Lakini kama kompyuta ingeonyesha 14.9, hapo mngekuwa mmeuziwa kadi ya 16 iliyoandikwa 32. Irudisheni dukani pamoja na risiti. (Ziko pia kadi za bandia zinazodanganya hata kompyuta. Hizo hesabu hii haizikamati.)

ZOEZI
1. GB 5 ni MB ngapi?
2. Picha moja ni MB 2. Kadi ya GB 8 itaingiza picha ngapi?
3. Kadi imeandikwa 64 GB. Kompyuta inaonyesha 59.6. Gawanya mara tatu kwa 1,024, kisha uwaeleze wenzako kama muuzaji amewapunja.