Vigawo vya Namba 3,210,000

Namba kubwa humtisha mwanafunzi kwa wingi wa tarakimu zake. Hata hivyo, ikichambuliwa katika vigawo vyake, mara nyingi huonyesha ilivyotungwa. Mfano mmoja wahusu ardhi ya Nachingwea, ambako Mtua ipo.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mitambo. Ujumbe huo ulipendekeza kilimo cha ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia.

Namba hiyo yaishia kwa sifuri nne. Kwa hiyo ni 321 × 10,000. Jumla ya tarakimu za 321 ni 6, nayo 6 yagawanyika kwa 3; hivyo 321 = 3 × 107. Je, 107 ni namba tasa? Kwa kuwa 11 × 11 = 121, ambayo yaizidi 107, yatosha kujaribu 2, 3, 5 na 7. Hakuna hata moja iigawanyayo bila baki. Basi:

3,210,000 = 2⁴ × 3 × 5⁴ × 107

Idadi ya vigawo vyote hupatikana kwa kuongeza 1 katika kila kipeo, kisha kuzidisha: 5 × 2 × 5 × 2 = 100.

Namba 107 yatoka wapi? Ikiondolewa, zabaki 2⁴ × 3 × 5⁴, yaani 30,000. Hiyo ndiyo siri yenyewe: mpango ulikuwa wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Tanganyika ilipangiwa 80, Rhodesia ya Kaskazini 17 na Kenya 10. Katika yale 80, Jimbo la Kusini, lenye Nachingwea, lilipangiwa 55.

Kumbe 3,210,000 haikuwa kipimo cha ardhi iliyokwisha kuthibitika kuwa yafaa. Ilikuwa zao la kuzidisha. Kuzidisha kwenyewe kulikuwa sahihi, lakini kosa la makadirio katika shamba moja lilizidishwa pamoja nalo mara 107. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000, sawa na mashamba 5. Zilizopandwa huko Kongwa zilikuwa kama 7,500 tu: robo ya shamba moja. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu wakati wa kiangazi, na mitambo iliharibika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea.

Kwa hiyo, kila atajiwapo jumla kubwa, mwanafunzi na atafute vigawo vyake, kisha aulize ni kipi kati yake kilichopimwa na ni kipi kilichokisiwa.

Zoezi: Mashamba 55 ya Jimbo la Kusini yalikuwa ekari 1,650,000. Onyesha kwamba namba hii ina vigawo 120. Eleza kwa nini ina vigawo vingi kuliko 3,210,000, ingawa ni ndogo zaidi.