Aseniki Shambani: Mambo Ambayo Kila Kaya Inapaswa Kuyajua

Aseniki ni nini?
Ni sumu ya asili iliyomo ndani ya baadhi ya miamba, ikiwemo miamba yenye dhahabu kama ya Geita na Mara. Ikiwa ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha.

Hufikaje shambani?
Mawe yakisagwa kwenye karasha, aseniki iliyokuwa imefungwa ndani yake hukutana na hewa na mvua, ikaanza kutoka. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yakiachwa wazi, mvua za masika huyasomba hadi mabondeni, na kiangazi upepo hupeperusha vumbi lake. Kumwagilia bustani kwa maji ya kisima chenye aseniki nako huongeza sumu kila msimu.

Kwa nini hurundikana?
Aseniki haiozi. Udongo mwekundu wenye chuma kingi huikamata, hivyo nyingi hubaki tabaka la juu, palepale jembe linapofika. Kwenye majaruba ya mpunga mambo hubadilika: maji yakituama muda mrefu, hewa huisha udongoni, chuma huyeyuka na kuiachia aseniki, nayo mizizi ya mpunga huinyonya.

Madhara yake
Huja polepole, baada ya miaka mingi: madoa kwenye ngozi, viganja na nyayo kuota sugu, na hata saratani ya ngozi, mapafu au kibofu.

Fanya haya
- Usichukue marudio kujazia bustani wala kukandikia nyumba.
- Shamba likiwa chini ya karasha, chimba mtaro wa kuyakinga maji yanayotoka juu.
- Muulize afisa ugani namna ya kuliacha jaruba likauke kwa vipindi.
- Osha mboga za majani kwa maji salama. Viazi na mihogo, osha kisha menya.
- Mama mjamzito asile udongo. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Kuchemsha hakutoshi
Moto huua vijidudu, lakini hauondoi aseniki. Maji yakipungua sufuriani, sumu yote hubaki. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita, na kiwango kilichomo hujulikana kwa kupima tu. Kupitia serikali ya kijiji, ombeni RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wapime kisima chenu. Sumu ikishaingia shambani ni vigumu kuitoa, izuieni mapema.