Juu ya Nini Nilikataza Moto: Somo la Majani, Vichaka na Udongo



Siku ya salongo tulitumwa kusafisha kile kipande nyuma ya nyumba ya kulala. Zamani lilikuwa shamba la mahindi. Miaka mine limeachwa, na vichaka vimefika kifuani. Wengine walisema: «Tuchome tu, itaisha mbio!» Nilikataza, na tangu siku ile wananiita Mulinzi wa Majani. Haizuru. Nieleze basi.

Tuanzie mbali kidogo, kwenye mulima. Mwenye kupanda Kundelungu, zaidi ya metre 1 600, anakuta majani matupu mpaka macho yachoke. Atasema watu walimaliza pori. Lakini achimbe kidogo: kule iko miti chini ya udongo! Frank White, mutaalamu wa mimea wa Oxford, aliandika mwaka 1976 juu ya «misitu ya chini ya udongo» ya Afrika. Mupundu munaujua, tunakula matunda yake. Uko na ndugu yake, Parinari capensis: shina lake linalala mchangani, na juu yanatoka matawi mafupi tu kama ya kufagilia. Moto unapita, matawi yanaungua, mvua ikinyesha yanachipuka. Sehemu kubwa ya kaboni yake iko fasi moto haifiki.

Kaboni ni nini? Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, ambayo muti uliivuta hewani. Ukichoma, inarudi hewani.

Sasa vichaka vikiingia katika majani ya zamani, hesabu si rahisi. Mwaka 2002 Robert Jackson na wenzake walitangaza vipimo vyao vya Marekani: fasi kavu, udongo uliongeza kaboni; fasi zenye mvua nyingi, udongo uliipoteza, hata hasara ikala faida yote ya miti. Maana majani yana mizizi myembamba mingi sana ndani ya udongo. Kwa hiyo anayetaka kujaza Kundelungu miti, apime chini kwanza.

Nyuma ya nyumba yetu ni habari nyingine. Pale palikuwa pori la miombo, na visiki havijakufa. Nimeona muputu, mutondo na mulombwa vikichipuka. Mulombwa unashika azoti ya hewa kwa mizizi yake. Muputu hauwezi hivyo, lakini uko na rafiki: bowa. Nyuzi za bowa zinazunguka mizizi na kuuletea fosfori, ambayo ni haba katika udongo wetu mwekundu. Bowa zile wamama wanauza kando ya barabara wakati wa mvua, nyingi ni kazi ya miti hiyo. Ukiiua, usitafute bowa.

«Lakini majivu yanazaa mahindi!» Kweli, mwaka wa kwanza. Majivu yanaacha potasi na kalisi, lakini azoti nyingi inakwenda na moshi, na mvua kubwa inaosha yaliyobaki. Ndiyo sababu shamba lile lilichoka.

Tena kuna moto na moto. Huko Ndola, ngambo ya mupaka, tangu mwaka 1933 walijaribu vipande vitatu vya miombo: kimoja kilichomwa mapema kila mwaka, kimoja mwisho wa kiangazi, kimoja kilikingwa. Kilichochomwa mwisho kiligeuka majani, miti michache tu. Kilichokingwa kilifunga. Cha mapema kilibaki pori.

Musiniambie nazungumza kama mutoto wa tajiri. Minevali yangu inatoka kwenye makala ya baba. Yeye anakata, lakini kisiki anakiacha, hapalilii moto juu yake, na harudi fasi ileile mbio.

Nimemwomba Bwana Prefe mambo mawili: nusu ya upande wa mto isiguswe, na nusu nyingine, kama lazima ichomwe, ichomwe mwezi wa sita, si mwezi wa tisa. Bado hajajibu. Nimekwisha kupiga vigingi vinne, na wa mwaka wa nne watahesabu machipukizi kila mwezi. Atakayeng'oa kigingi kufungia mbuzi, nitamjua.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita