Safari Yenu Isichemshe: Pima Mafuta ya Jiko Kabla ya Kuondoka

Likizo ya mwezi wa sita inapokaribia, klabu nyingi za shule hapa Iringa huanza kupanga safari. Wengine huenda Isimila na kurudi siku hiyo hiyo. Hao hawana shida, wanabeba maandazi na maji ya chupa, basi. Lakini wapo wanaokwenda mbali na kulala huko: Hifadhi ya Kitulo, Mlima Rungwe, au Udzungwa. Makala hii ni yenu.

Nianze na kisa changu. Nilipokuwa kidato cha tatu tulikwenda Kitulo, watu kumi, siku nne. Tulipita Chimala, tukapanda ile barabara ya kona kona inayoitwa Hamsini na Saba hadi Matamba, na jioni tukapiga mahema karibu na kijiji kimoja nje ya hifadhi. Chakula kilikuwa tele. Mafuta ya taa yalikuwa dumu moja la lita 3. Mwenzetu mmoja alikuwa ametuhakikishia, "Zinatosha kabisa, nyumbani kwetu dumu kama hilo linakaa wiki."

Usiku wa pili jiko likazimika. Maji ya kunywa hayakuwa yamechemshwa, na kesho yake tukanywa ya kijito ambacho ng'ombe nao walikuwa wanakinywea. Kufika jioni, watatu walikuwa wanaharisha. Baridi nayo ilikuwa ya kuuma. Wavulana wawili wakanunua mkaa kijijini, wakawasha jiko, wakaliingiza ndani ya hema na kufunga zipu ili "wapate joto". Mwalimu wa zamu alipopita saa tano usiku aliita, hakuna aliyeitika. Alipofungua, mmoja alikuwa ametapika, mwingine haamki. Walitolewa nje, wakapelekwa zahanati, na tunashukuru Mungu wako hai hadi leo.

Hatukukosa pesa, wala hatukukosa akili. Tulichokosa ni hesabu ya dakika kumi. Safari yetu ilichemsha kwa sababu hatukupiga hesabu ya kuchemsha.

KWA NINI KUKISIA HAKUFAI?

Nyumbani jiko la mafuta ya taa mara nyingi hupika chai tu, na mengine hupikwa kwa mkaa au kuni. Tena nyumbani kuna ukuta wa kuzuia upepo. Safarini jiko hilo hilo linapika kila kitu, nje, penye upepo na baridi. Na kazi kubwa kuliko zote si ugali. Ni maji ya kunywa! Watu wengi wanapopanga safari huhesabu milo na kuyasahau maji.

Usitegemee kuni pia. Ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kukata miti, na Kitulo penyewe ni uwanda wa nyasi na maua, miti ni ya kutafuta.

HATUA YA KWANZA: FANYA JARIBIO

Fanya jaribio hili shuleni au nyumbani, wiki moja kabla ya safari, nje au mahali penye hewa ya kutosha.

1. Jaza mafuta kwenye jiko mpaka alama unayoijua.
2. Weka maji lita 4 kwenye sufuria na ufunike kwa mfuniko.
3. Washa jiko. Andika saa uliyowasha na saa maji yalipotokota.
4. Zima. Subiri jiko lipoe kabisa. Usiongeze mafuta kwenye jiko la moto hata siku moja!
5. Rudisha mafuta mpaka kwenye ile alama ukitumia silinda ya kupimia ya maabara. Kiasi ulichoongeza ndicho kilichotumika.

Tuseme umepata mililita 100 na dakika 30. Gawanya kwa lita 4: kila lita 1 ya maji inakula mililita 25 za mafuta.

Je, fizikia inasemaje? Kupandisha joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Maji ya bomba asubuhi ya baridi tuseme ni nyuzi 15, na mjini Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 80. Basi 4 x 4.2 x 80 = kilojuli 1,344. Mililita 1 ya mafuta ya taa ina kilojuli 35 hivi, kwa hiyo zingetosha mililita 38. Mbona jiko limekula 100? Zaidi ya nusu ya joto imepotea hewani. Ndiyo maana unapima jiko lako mwenyewe, huchukui namba ya kitabuni wala ya jirani.

Pika pia mlo mmoja wa kikundi kizima namna hiyo hiyo, upime.

HATUA YA PILI: PIGA HESABU

Tuchukue safari yetu ile ile: watu 10, siku 4. Siku ya kwanza tunapika jioni tu na ya mwisho asubuhi tu, kwa hiyo tuhesabu siku 3 kamili. Mahitaji ya siku moja ni haya:

- Maji ya kunywa: lita 3 kwa mtu, jumla lita 30. Mafuta: mililita 750.
- Chai na uji: lita 10. Mafuta: mililita 250.
- Mlo wa mchana (kwa jaribio): mililita 250.
- Mlo wa jioni (kwa jaribio): mililita 350.

Jumla kwa siku ni mililita 1,600, yaani lita 1.6. Kwa siku 3 ni lita 4.8.

Usiishie hapo. Ongeza robo kwa ajili ya upepo na baridi: lita 1.2. Kisha ongeza siku moja nzima ya dharura, maana gari linaweza kuharibika au kukwama kwenye tope: lita 1.6. Jumla kuu ni lita 7.6. Beba lita 8.

Sisi tulibeba 3! Unaona sasa?

Tazama na muda. Kama lita 4 zinachukua dakika 30, lita 40 za maji na chai zinachukua saa 5. Ongeza milo miwili, kama saa 3. Jiko moja litawaka saa 8 kwa siku, na mpishi hataona hata ua moja la Kitulo. Bebeni majiko mawili.

Mnaotumia gesi, njia ni ile ile. Pima mtungi kwenye mizani kabla na baada ya jaribio. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo ukiutoa unajua gesi iliyobaki. Kumbuka kwamba kwenye baridi kali moto wa gesi hudhoofika, hasa mtungi ukikaribia kuisha.

MLIMANI MAMBO HUBADILIKA

Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi 1 kwa kila mita 300. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 91. Maana yake ni mbili.

Kwanza, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara bado hufa kwa joto hilo. Ila ukiwa juu ya mita 2,000 yaache maji yatokote dakika 3. Chini ya hapo dakika 1 inatosha.

Pili, maharage huchelewa sana kuiva na yatakumalizia mafuta. Tena maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Yaache nyumbani. Beba mchele, unga, dagaa na karanga.

BANA MATUMIZI

- Funika sufuria kila wakati.
- Kinga upepo kwa mawe upande unakotoka, lakini usilizungushie jiko pande zote, tangi litapata moto mno.
- Anika madumu ya maji juani mchana. Maji yenye uvuguvugu hayali mafuta mengi.
- Wali ukikaribia kuiva, ondoa sufuria, ifunge kwa blanketi ndani ya kapu. Utamalizika wenyewe.
- Beba vidonge vya kutibu maji kama WaterGuard. Hivyo ni akiba ya akiba. Fuata maelekezo ya kwenye pakiti.

ZINGATIA: JIKO HALILALI NA WATU

Mkaa ukiwaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta, inashika kwenye chembe nyekundu za damu mahali pa oksijeni, na mwili unakosa hewa huku wewe unajiona unasinzia tu. Watu hudhani mkaa usiotoa moshi ni salama. Si kweli hata kidogo! Na si hema tu. Hata chumbani kwenu Makete, Mufindi au Iringa mjini, usilale na jiko linalowaka, liwe la mkaa, la mafuta au la gesi.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na usingizi usio wa kawaida. Mtoe mtu nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mpelekeni kituo cha afya hata akisema amepata nafuu.

Mafuta ya taa nayo yasiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji, mtu atakunywa. Akinywa, msimtapishe, mkimbizeni hospitali. Msiyachanganye na petroli. Na kama mnasafiri kwa basi la abiria, msipande na mafuta. Nunueni mji wa mwisho kabla ya kambi.

JIPIME MWENYEWE

1. Watu 6 wanakaa siku 3 kamili. Kila mtu anakunywa lita 3 kwa siku. Jiko linakula mililita 25 kwa lita. Mafuta ya maji ya kunywa pekee ni kiasi gani?
2. Zimebaki mililita 300 na kuna usiku mmoja. Mpike wali au mchemshe maji?
3. Rafiki yako anatetemeka kwa baridi, anataka jiko hemani. Utamwambia nini?

Majibu: (1) 6 x 3 x 3 = lita 54, mara 25 = mililita 1,350. (2) Maji kwanza. Mililita 300 zinatoa lita 12. Kuleni mkate na karanga, njaa ya usiku mmoja haiui. (3) Hapana! Avae sweta mbili na soksi, alale karibu na wenzake, na mumpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa aikumbatie. Maji hayo mtakuwa nayo, kwa sababu safari hii mafuta mmeyapima.