Kutoka Kauli hadi Hoja: Kuzungumzia Filamu na Vipindi vya Runinga kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanafunzi wa Kiswahili wanavyotoa maoni kuhusu filamu na vipindi vya runinga walivyovitazama. Yanashikilia kwamba udhaifu unaojitokeza katika mazungumzo hayo hautokani na uhaba wa msamiati, bali na mazoea ya kutoa hukumu bila kurejelea kile kilichoonekana na kusikika. Kipindi cha Vitimbi na filamu za Nairobi Half Life na Vuta N'kuvute zinatumiwa kama mifano. Mwishoni yametolewa maswali ya mjadala.

1.0 Utangulizi

Mazungumzo kuhusu filamu na vipindi vya runinga ni miongoni mwa mazungumzo ya kawaida kabisa katika mabweni ya vyuo vikuu vya Kenya. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwanafunzi awezaye kuandika kurasa kumi kuhusu usawiri wa wahusika katika riwaya hugeukia Kiingereza au Sheng pindi anapoulizwa ni kwa nini kipindi cha jana kilimpendeza. Akibaki katika Kiswahili, jibu lake huwa fupi: kilikuwa kizuri, kilichosha, kilichekesha. Hali huwa hivyo hata kipindi chenyewe kikiwa cha Kiswahili, mathalani Maria, kilichoanza kurushwa na Citizen TV mwaka wa 2019, au Sultana, kilichoanza mwaka wa 2022.

Huenda ikadhaniwa kwamba hili ni jambo dogo, maadamu mazungumzo ya bwenini si mtihani. Lakini hapo ndipo penye hatari. Lugha isiyotumiwa kuyafikiria mambo ambayo watu wanayapenda kwa hiari yao hubaki kuwa lugha ya mtihani tu, na mtihani ukiisha, nayo huwekwa kando. Iwapo wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kubishana kwa Kiswahili kuhusu filamu, ni vigumu kuwatarajia watu wengine wafanye hivyo.

2.0 Ngazi tatu za maoni

Ili kulielewa tatizo hili, ni vyema kutofautisha ngazi tatu za maoni. Ngazi ya kwanza ni kauli. Hapa mtazamaji hutangaza hisia yake bila kuieleza: "Filamu hii ni nzuri sana." Kauli haina makosa, lakini haimpi msikilizaji cha kukubali wala cha kupinga. Mwenzake akisema, "Mimi sikuipenda," mazungumzo yamefikia ukingoni.

Ngazi ya pili ni maelezo. Mtazamaji husimulia yaliyotokea: nani alimwoa nani, nani aliuawa, siri ipi ilifichuka. Hapa ndipo wengi hukwama, kwani hudhani kuwa kusimulia ni kuhakiki. Aliyekwisha kuitazama filamu hafaidiki na masimulizi hayo, na ambaye hajaitazama huharibiwa utamu.

Ngazi ya tatu ni hoja. Mtazamaji hutoa hukumu, hutaja onyesho mahususi linaloiunga mkono, kisha hueleza namna onyesho hilo linavyofanya kazi. Linganisha kauli iliyotangulia na hii: "Filamu hii imenigusa kwa sababu kijana yule yule anayekariri maneno ya mchezo wa jukwaani ndiye anayejifunza wizi mitaani, na mwongozaji ameziweka shughuli hizo mbili sambamba hadi mtazamaji akashindwa kujua ni wapi anapoigiza na ni wapi anapoishi." Anayepinga sasa ana pa kuanzia. Aweza kusema kwamba usambamba huo umetiwa chumvi, au kwamba uhalifu umepewa nafasi kubwa kuliko sanaa. Kwa ufupi, hoja humkaribisha mwingine azungumze.

3.0 Kuitazama filamu kana kwamba ni kitabu

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wamepata mafunzo ya uhakiki kupitia vitabu vilivyoteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari. Wamezoea kutafuta dhamira, maudhui, wahusika na tamathali za usemi. Zana hizi ni muhimu, na hakuna sababu ya kuzitupa. Tatizo ni kwamba zikitumiwa peke yake, filamu huzungumziwa kana kwamba ilisomwa.

Filamu husema kwa picha na sauti. Kamera inapoukaribia uso wa mhusika, huwa imefanya uteuzi. Inapokaa mbali, huwa imefanya uteuzi mwingine. Mwanga, rangi, mavazi, muziki, ukimya, na namna picha moja inavyokatwa ili kuipisha nyingine, yote hayo hubeba maana. Hakuna neno hata moja katika orodha hii lisilokuwamo katika Kiswahili cha kila siku. Mwanafunzi hahitaji kusubiri kamusi ya istilahi za filamu ndipo aseme kwamba mhusika ameonyeshwa kwa mbali, akiwa mdogo kati ya majengo makubwa, na kwamba udogo huo unaueleza upweke wake. Pia uhakiki wa aina hii humkinga mtazamaji dhidi ya kudanganywa na umaridadi. Filamu yaweza kuwa na picha za kupendeza na nyumba za kifahari huku haina jambo la kusema. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti.

4.0 Mifano mitatu

4.1 Lugha: Vitimbi

Lalamiko linalosikika mara kwa mara miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili ni kwamba vipindi vya vichekesho huharibu lugha. Vitimbi, kipindi kilichorushwa kwa miaka mingi na shirika la utangazaji la taifa, hakikuepuka lawama hiyo. Mhusika wake mashuhuri, Mzee Ojwang', alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo.

Hata hivyo, kuna jambo linalostahili kupimwa kabla ya hukumu kutolewa. Benson Wanjau, mwigizaji aliyeibeba nafasi hiyo hadi akawa akitambulika kwa jina la mhusika, na ambaye alifariki mwaka wa 2015, hakuwa Mjaluo bali Mkikuyu. Kwa hivyo lafudhi ile haikuwa dalili ya kutojua Kiswahili. Ilikuwa kazi ya sanaa, iliyosikilizwa, ikafanyiwa mazoezi na kudumishwa kwa miaka mingi. Anayesema "Kiswahili chao kibovu" amemchanganya mwigizaji na mhusika.

Hii haimaanishi kwamba lafudhi hiyo haiwezi kupingwa. Mhakiki anaweza kuuliza: je, watazamaji walicheka pamoja na Mzee Ojwang' au walimcheka? Je, kuifanya lafudhi ya jamii fulani kuwa chanzo cha kicheko kuliwaleta Wakenya pamoja au kulizidi kukoleza dhana walizokuwa nazo kuhusu wenzao? Hayo ni maswali mazito zaidi kuliko lile la usanifu, na hayawezi kuulizwa na mtu aliyeishia kwenye kauli.

4.2 Maadili: Nairobi Half Life

Nairobi Half Life, filamu ya mwaka wa 2012 iliyoongozwa na David Gitonga, inamfuata Mwas, kijana wa mashambani mwenye ndoto ya kuwa mwigizaji. Anauza filamu kijijini kwa kuwaigizia wateja yaliyomo ndani yake. Anapofika Nairobi anaibiwa, anajikuta korokoroni, kisha anajiunga na genge la wezi wa vipuri vya magari huku akipata nafasi katika mchezo wa jukwaani. Joseph Wairimu, aliyeiigiza nafasi ya Mwas, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo.

Maoni ya haraka kuhusu filamu kama hii ni kwamba inawafundisha vijana uhalifu. Maoni hayo hutokana na desturi ya kutafuta "funzo" mwishoni mwa kila kisa. Desturi hiyo ina mizizi mirefu katika ngano, na si vyema kuidharau. Ila mwenye kulitafuta funzo sharti aitazame filamu nzima. Uhalifu wa Mwas hauonyeshwi kama starehe. Filamu inamwonyesha akilazimishwa kusafisha choo kichafu mno akiwa mahabusu; inaonyesha maafisa wa polisi wakishirikiana na wahalifu; na damu inamwagika kabla Mwas hajasimama jukwaani mwishoni. Hapo anapowakabili watazamaji waliomo ukumbini, anawakabili pia walioketi mbele ya filamu yenyewe. Swali la filamu halihusu tu ubaya wa wizi. Linahusu pia jamii inayopita kando ya vijana hawa bila kuwaona.

Mwanafunzi anaweza kulikataa jibu hilo. Anaweza kudai kwamba ucheshi wa wezi unawafanya wapendeke kupita kiasi, na akataja maonyesho yanayothibitisha dai lake. Atakuwa ameipinga filamu kwa haki.

4.3 Utohozi: Vuta N'kuvute

Mfano wa tatu unawahusu wanafunzi wa fasihi moja kwa moja. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilichapishwa mwaka wa 1999 na imesomwa sana vyuoni. Mwaka wa 2021 Amil Shivji, mwongozaji Mtanzania, alitoa filamu yenye jina hilo hilo. Riwaya na filamu zote zinasimulia habari za Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi anayeikimbia ndoa na mume aliyemzidi umri kwa mbali, na Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya 1950.

Msomaji wa riwaya anapoitazama filamu, maoni yake ya kwanza huwa ni orodha ya yaliyoachwa. Orodha hiyo ni rahisi kuiandaa, kwa kuwa riwaya ina mamia ya kurasa ilhali filamu ni ya takriban saa moja na nusu. Lakini kuonyesha kwamba jambo fulani limeachwa si kuonyesha kwamba filamu imeshindwa. Swali lenye tija ni hili: je, filamu imeweka nini mahali pa kile ilichokiondoa?

Riwaya inaweza kuingia moyoni mwa Yasmin na kutueleza anachokiwaza. Filamu haina njia hiyo isipokuwa kwa uso wa mwigizaji, vichochoro vya Mji Mkongwe, giza la usiku na mdundo wa muziki. Mwajuma, rafiki anayempokea Yasmin kule Ng'ambo, ameigizwa na Siti Amina, ambaye nje ya filamu ni mwanamuziki. Uteuzi huo peke yake ni hoja ya mwongozaji. Mtazamaji ajiulize kama sauti ya Mwajuma inatosha kubeba uhuru ambao riwaya imeueleza kwa maneno. Akijibu ndiyo au la, huku akitaja onyesho, atakuwa amehakiki utohozi. Akisema tu kwamba "kitabu ni bora," atakuwa amerudi kwenye ngazi ya kwanza.

5.0 Ushahidi kutoka kwa wasimulizi wa filamu

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakijazoea kuzungumzia filamu. Dai hili linakanushwa na sanaa iliyokulia katika vibanda vya video. Nchini Kenya, DJ Afro amejipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Jijini Dar es Salaam, Lufufu alijulikana kwa kazi ya aina hiyo. Sauti ya msimulizi husikika juu ya sauti ya filamu, akifafanua, akidhihaki, akitabiri, akimwonya shujaa asigeuke nyuma.

Msimulizi wa aina hii si mfasiri tu. Hutoa maoni yake papo hapo, na wasikilizaji humwelewa kwa sababu kila neno lake limefungamana na picha iliyo mbele yao. Sifa hiyo ndiyo inayokosekana katika insha nyingi za wasomi. Wanafunzi wana cha kujifunza kutoka kibandani, hata kama hawataiga lugha yake yote.

6.0 Adabu ya mjadala

Penye wengi pana mengi, na filamu moja inaweza kutazamwa kwa macho kumi. Mjadala mwema una kanuni chache. Kwanza, asiyetazama asihukumu, anaweza kuuliza. Pili, mwisho wa kisa usitobolewe kabla ya kuwauliza waliopo kama wote wameutazama. Tatu, hoja ijibiwe kwa onyesho wala si kwa kumshambulia msemaji. Kiswahili kina tamko la kila hali: "Nakubaliana nawe hapo, ila kuna onyesho moja linalonitia shaka", "Mimi sikuliona hivyo, kwa sababu…", "Hebu turejee pale alipofungua mlango." Mwanafunzi akiyazoea matamko haya, atatofautiana na mwenzake bila kumvunjia heshima, awe rika lake au mhadhiri wake.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba maoni kuhusu filamu na vipindi hupata uzito yanapotoka kwenye kauli, yakapita maelezo kwa haraka, yakatua kwenye hoja. Imeonyeshwa pia kwamba vigezo vya kitabu havitoshi pasipo jicho na sikio. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kulianzisha zoezi hili bila gharama kubwa: filamu moja kwa mwezi, ukumbi mmoja, na mjadala wa saa moja kwa Kiswahili. Mazungumzo ya bwenini yatafuata yenyewe.

Maswali ya mjadala

1. Chagua kipindi cha Kiswahili ulichokitazama hivi karibuni. Toa kauli moja kukihusu, kisha uigeuze kuwa hoja kwa kutaja onyesho moja.
2. Eleza onyesho lolote la filamu bila kutaja maneno yaliyosemwa na wahusika. Je, ni maana gani iliyobaki?
3. "Lafudhi katika vichekesho ni sanaa, si uharibifu wa lugha." Jadili kwa kurejelea kipindi kimoja.
4. Linganisha sura moja ya Vuta N'kuvute na namna ilivyowasilishwa katika filamu. Ni nini kilichopotea, na ni nini kilichopatikana?