Vipele na Uvimbe kwa Kuku wa Uani: Namna ya Kuvitambua na Hatua za Kuchukua

Kuku anayefugwa uani Gerezani, Ilala au Mchikichini hana pa kukimbilia. Banda lake limebanwa kati ya karo na ukuta wa jirani, na mmoja akiugua, wote wamo hatarini. Kwa familia inayotegemea mayai kulipia mahitaji ya shule, kuota kwa kipele kimoja kilembani si jambo dogo.

Uvimbe unaoonekana zaidi baada ya mvua za masika na vuli ni ule wa ndui ya kuku. Husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu, na pia kwa kugusana pale kuku wanapodonoana na kujeruhiana. Vipele huanza vikiwa vidogo, vyeupe au vya kijivu, kwenye kilemba, ndevu, kope na sehemu zisizo na manyoya. Baadaye hukua, hushikana, kisha hugeuka kuwa magamba meusi. Kuku wengi hupona ndani ya wiki tatu hadi nne, isipokuwa wale ambao macho yao yamefunga wakashindwa kuiona pumba. Hao hufa kwa njaa, wala si kwa ndui yenyewe. Kwa hiyo mtenge kuku wa namna hiyo na umsaidie kula na kunywa.

Iko sura nyingine ya ndui iliyo mbaya zaidi, nayo haionekani kwa nje. Fungua mdomo wa kuku anayekoroma. Ukiona utando wa manjano uliogandamana na ulimi au koo, usiubandue kwa nguvu, kwa kuwa utamwachia kidonda kinachovuja damu. Mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Hata hivyo, si kila uvimbe ni ndui. Madoa meusi yaliyokusanyika kuzunguka macho yanaweza kuwa viroboto walioganda ngozini. Yatazame kwa tochi, kwani gamba la ndui halina miguu. Uso uliovimba pamoja na makamasi yenye harufu huashiria mafua ya kuku. Uvimbe chini ya unyayo, wenye kigamba cheusi katikati, aghalabu hutokana na sakafu ya saruji au waya uliomkwaruza. Kifua kilichotuna jioni ni chakula tu. Kikiwa bado kimetuna alfajiri kabla kuku hajala, hapo pana tatizo.

Jambo linalotusikitisha ni mazoea ya kumwaga kapsuli za tetrasaiklini kwenye maji ya kuku mara tu kipele kinapoonekana. Dawa hiyo haiui virusi. Huweza kusaidia pale tu bakteria wanapovamia vidonda, na hilo huamuliwa na mtaalamu. Kinachobaki kwa hakika ni mabaki ya dawa ndani ya mayai ambayo mtoto wako atayala asubuhi. Safisha vidonda kwa maji ya chumvi au iodini, kisha uwe na subira.

Kinga ya ndui ni chanjo. Huchomwa kwenye utando wa bawa kwa sindano yenye ncha mbili, na baada ya siku 7 hadi 10 mahali hapo huvimba kidogo na kufanya kigamba. Mfugaji asiogope uvimbe huo. Autafute, kwani usipokuwepo huenda chanjo haikushika. Katika kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, mwezi Juni 2025, kuku wa asili nao wamo.

Wanunuzi wa Kisutu na Shauri Moyo wawe waangalifu. Kuku wanaofika wakiwa wamesongamana kwenye matenga kutoka mikoani, Singida ikiwemo, huonekana wazima siku ya kwanza, ilhali dalili za ndui huweza kuchukua siku 4 hadi 10 kujitokeza. Mgeni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Magamba yaliyodondoka yachomwe, maana virusi huishi humo kwa miezi. Vifuniko vya mapipa na mifereji ya paa vikaguliwe pia, kwa sababu mbu wa kuku ni mbu wako.

Tangu Wizara ya Afya ilipothibitisha wagonjwa wa mpox nchini mwezi Machi 2025, si ajabu mtu kumtupa kuku mwenye vipele kwa hofu. Ndui ya kuku haimwambukizi binadamu, wala si ugonjwa huo. Lakini kuku mgonjwa asichinjwe kwa ajili ya kuuzwa, na mzoga usitupwe Mto Msimbazi wala kwenye dampo la mtaa. Ufukiwe au uchomwe. Vifo vikiwa vingi kwa siku chache, toa taarifa kwa afisa mifugo kabla ya kufukia, ili mzoga mmoja uliofungwa vizuri kwenye mifuko miwili ya nailoni upelekwe kwenye maabara ya mifugo iliyopo Temeke kwa uchunguzi.