Kula kwa Kipimo, Kucheza kwa Kipimo



Mganga akiona uzito wa mfanyakazi umezidi, hamwambii asile tena. Anamwambia ale kwa kipimo. Shauri hilo lamfaa pia anayependa poka, karata za pesa zinazochezwa jioni ya siku ya mshahara. Aliyeweza kukataa sahani ya pili ya wali anaweza pia kuiacha meza ya karata. Shikeni mambo haya matano.

1. Pima kabla ya kuanza. Anayepunguza uzito hupakua mara moja, kisha sufuria hufunikwa. Wewe nawe toa kwanza posho ya nyumba, masomo ya watoto na dawa. Pesa ya mchezo iwe kidogo, na bibi yako aijue. Ikiisha, simama.

2. Jua kukataa. Karata za poka ni 52. Ukipewa 5, basi katika mara 100, karibu mara 50 hutapata hata jozi moja. Karibu mara 42 utapata jozi moja tu. Mwenye kiburi hutia pesa kila mara. Mwenye akili hutupa karata mbaya bila haya.

3. Usilipize. Anayeshinda njaa ili kufuta karamu ya jana, jioni hula mara mbili. Vivyo hivyo anayeongeza dau ili kurudisha hasara. Karata hazikumbuki ulichopoteza. Zikichanganywa, zinaanza upya.

4. Andika. Anayepunguza uzito hupanda mizani kila juma, na kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwamtosha. Andika pesa uliyokaa nayo na uliyoondoka nayo. Moyo hukumbuka siku za ushindi tu. Daftari hukumbuka zote.

5. Lala. Usingizi mchache huongeza njaa na hupunguza akili. Tena, aliyekesha mezani huingia kazini asubuhi na macho mazito. Jiwe likianguka halimngoji aamke, na pengine huumia mwenzake.

Lakini tofauti moja ipo. Bila chakula hatuishi; bila karata twaishi vizuri. Kumbuka pia kwamba katika poka pesa ya mshindi hutoka katika mfuko wa mwenzake wa kazi, yaani katika chungu cha watoto wake.

Ukiona unakopa ili ucheze, unaficha hasara nyumbani, au umejaribu kuacha ukashindwa, jua kwamba huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani (OMS) linautambua hivyo. Nenda kwa mganga bila haya, kama vile ungeenda kwa ajili ya damu inayopanda. Nanyi akina mama, msingoje deni la tatu ndipo mseme.

Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba hukimaliza.